Ubongo wa mbwa aliyekufa kwa kichaa unaonekana mzima kwenye hadubini. Virusi vimeharibu nini hasa?

mwanafunzi_patholojia

Habari za kazi wakuu. Naomba kueleweshwa jambo la patholojia ya kichaa cha mbwa.

Chukua ubongo wa mbwa ambaye kipimo cha kingamwili zinazong'aa (FAT) kimethibitisha, na mng'ao ni mkali kabisa kwenye shina la ubongo. Ukikata vipande vya parafini na kupaka hematoksilini na eosini, nyuroni nyingi hazina kasoro ya kuonekana. Kiini kipo katikati, chembechembe za Nissl (za kutengeneza protini) zipo, seli za uvimbe, yaani seli za kinga zinazokimbilia maambukizi, ni chache tu kuzunguka mishipa midogo ya damu. Miili ya Negri, vile vidoa vyekundu ndani ya nyuroni, inapatikana kwenye baadhi ya seli kubwa za hipokampasi, basi. Lakini mnyama huyo siku mbili kabla ya kufa alikuwa anang'ata mawe, taya limelegea, koo halimezi, mate yanachuruzika.

Maswali yangu:

Kama nyuroni hazifi kwa wingi, mnyama anakufa kwa nini? Protini zipi za virusi zinafanya kazi hiyo, na zipi za nyuroni zinaguswa? Na je, kuna namna ya kuuona uharibifu huo kwa vifaa vya maabara ya kawaida ya mifugo, au mpaka hadubini ya elektroni?

nyuroni_hai

Anzia hapa mkuu: nyuroni iliyokufa ni hasara kwa virusi hivi. Vinaingia kwenye ncha ya neva pale kwenye msuli, vinapanda ndani ya aksoni (tawi refu la nyuroni linalopeleka ishara) hadi uti wa mgongo na ubongo, kisha vinashuka tena kwa neva hadi tezi za mate. Njia yote ni nyuroni kukabidhi nyuroni nyingine kupitia sinapsi, kiungo kati yao. Ikifa moja katikati, njia imekatika. Kwa hiyo aina za mtaani, zile zinazozunguka kwa mbwa na wanyamapori, zimejengeka kuiacha seli ikiwa hai muda wote zinapoitumia. Utulivu unaouona kwenye slaidi yako unatokana na hilo.

Sasa protini. Virusi vina tano tu: N, P, M, G na L, zote zimeandikwa kwenye uzi mmoja wa RNA wenye herufi karibu 12,000, kwa mpangilio huohuo. Kimeng'enya kinachonakili (L akisaidiwa na P) huanzia upande wa N, na kila kinapofika mpaka wa jeni hudondoka kwa kiasi fulani. Matokeo yake N hutengenezwa kwa wingi kuliko zote na L kidogo kuliko zote. Kumbuka jambo hili, kwa sababu ndilo linaloeleza kwa nini kingamwili za FAT zinalenga N: ndiyo iliyojaa ndani ya seli.

Kila molekuli ya N hufunika herufi 9 za RNA, kwa hiyo uzi mmoja unavaa N zaidi ya 1,300. N na P zikikusanyika hujitenga na utegili (ute wa ndani) wa seli kama matone ya mafuta kwenye mchuzi. Matone hayo ndiyo miili ya Negri. Adelchi Negri alipoieleza mwaka 1903 kule Pavia, Italia, alidhani ni kijidudu cha jamii ya protozoa. Leo tunajua ni karakana: RNA ya virusi hunakiliwa humo humo. Mwaka 2017 ilionyeshwa kwamba mwanzoni ni kimiminika kweli, zina umbo la duara, mbili zikigusana zinaungana kuwa moja, na nyuzi zilizokamilika hutolewa nje kwa kufuata mikrotubuli. Baadaye hujizungushia utando unaotokana na retikulamu ya endoplazimu.

Kwa hiyo usisome mwili wa Negri kama kovu. Ni dalili kwamba seli hiyo ilikuwa hai na inafanyishwa kazi. Na idadi yake haikuambii ugonjwa ulikuwa mkali kiasi gani.

G ni ile miiba ya nje. Kwa nje inashika vipokezi: kipokezi cha asetilikolini kwenye msuli, na kwenye neva NCAM, p75NTR na mGluR2. Lakini mkia wake wa ndani una kazi nyingine ambayo wengi hawaitaji. Ncha ya mkia huo inafanana na ncha za protini za nyuroni zinazoshikwa na MAST2, kimeng'enya cha nyuroni chenyewe. Kwa kawaida MAST2 ikishikana na PTEN, kimeng'enya kingine cha seli, huzuia nyuroni kujikinga na kifo. G ya virusi vikali huingia mahali pa PTEN, na nyuroni inaendelea kuishi. Kwenye aina fulani zilizopunguzwa makali, badiliko la asidi amino moja kwenye mkia linaifanya G ishike pia PTPN4, na hapo seli inajiua. Asidi amino moja tu inaamua.

Wingi nao una maana. Virusi vikali hutengeneza G kidogo. Aina za chanjo hutengeneza G nyingi, seli inaanza kujiua, kinga inashtuka, mnyama anapona. Nafasi ya 333 kwenye G nayo ni muhimu: arijinini ikiondolewa hapo, makali hushuka sana kwa panya wakubwa.

P ndiyo inayonyamazisha kengele. Inazuia IRF3, protini ya seli inayoagiza interferoni (ishara ya hatari ya kinga), isiwashwe, hivyo interferoni haitengenezwi vya kutosha. Ile kidogo iliyotengenezwa nayo haifanyi kazi, maana P inazishika STAT1 na STAT2, protini zinazopeleka ujumbe wa interferoni, zisiingie kwenye kiini. M kwa upande wake, mbali na kusuka umbo la risasi la kirusi, inashika kipande cha eIF3, protini ya kuanzisha utafsiri, na kupunguza kasi ya ribosomu kutafsiri RNA za seli mwenyeji. Ukijumlisha hayo, seli za uvimbe hazipati wito. Ndiyo maana ulichokiona kuzunguka mishipa ni kidogo.

Kioo_Safi

Nakubaliana na nyuroni_hai, ila swali la kwanza bado halijajibiwa: mnyama anakufa kwa nini?

Nyuroni haifi lakini haifanyi kazi, na uharibifu uko kwenye matawi yake kuliko kwenye mwili wa seli. Hematoksilini na eosini inakuonyesha mwili wa seli. Aksoni na dendraiti (matawi yanayopokea ishara) huzioni kwa rangi hiyo, kwa hiyo unatazama nyumba wakati zilizokatika ni nyaya.

Kwa panya walioambukizwa, ambao nyuroni zao zimewekewa protini inayong'aa njano, aksoni na dendraiti zinaonekana na vivimbe vilivyopangana kama shanga, wakati mwili wa seli bado ni mzuri. Kwenye nyuroni za ganglia ya mzizi wa nyuma zilizokuzwa kwenye sahani, vivimbe hivyo vinaambatana na mabaki ya mafuta yaliyooksidishwa, alama ya kutu ya ndani. Chanzo chake kimefuatiliwa hadi mitokondria: P ya virusi hushika kompleksi I ya mnyororo wa elektroni, kompleksi hiyo inafanya kazi kupita kiasi, na oksijeni kali zinavuja. Aksoni ndefu inategemea mitokondria zake za karibu, kwa hiyo ndiyo inayoumia kwanza.

Kuna njia ya pili, SARM1. Hiki ni kimeng'enya cha nyuroni chenyewe kinachovunja NAD, molekuli inayohitajika kutengeneza nguvu ya seli, na nyuroni hukitumia kuangusha aksoni iliyojeruhiwa. Virusi vya kichaa hukiwasha. NAD ikishaisha aksoni inakosa nguvu na kukatika vipande. Nyuroni za panya wasio na SARM1 huchelewa kupoteza aksoni baada ya kuambukizwa.

Kwenye dendraiti, nyuzi za aktini zinavunjika. Vimiba vya sinapsi husimama juu ya aktini, kwa hiyo aktini ikienda, sinapsi zinaondoka nazo. Uchunguzi wa proteomiki (upimaji wa protini nyingi kwa pamoja) kwenye ubongo wa panya ulikuta pia kwamba protini zinazobadilika kiwango si za vifo vya seli, ni za pampu za ioni na za kufunga vifuko vya sinapsi kwenye utando. Maana yake ni kwamba ishara haivuki.

Sasa weka haya kwenye shina la ubongo, mahali pa vituo vya kupumua, mapigo ya moyo na kumeza. Sinapsi zikizima pale, mnyama anakufa kwa kushindwa kupumua na kwa moyo kuyumba, hata kama nyuroni zote zinahesabika.

Tahadhari kubwa unaposoma makala: angalia aina ya virusi. Mengi ya haya yamefanywa kwa CVS, ambayo ni aina ya maabara iliyopitishwa kwenye wanyama mara nyingi tangu enzi za Pasteur. CVS ikiwekwa kwenye sahani au kwenye ubongo wa panya mchanga inaweza kuua nyuroni kwa wingi, na mtu akaandika kwamba kichaa huua nyuroni. Virusi vya mtaani kwa mbwa au binadamu havifanyi hivyo kwa kiwango hicho. Ubishi mwingi kwenye fani hii unatokana na watu wawili kuongelea virusi viwili tofauti.

mwanafunzi_patholojia

Shukrani sana wakuu, hapo kwenye nyaya nimeelewa. Basi nauliza kwa vitendo: nikipaka rangi ya fedha ya Golgi, au kingamwili za MAP2 (protini ya dendraiti), kwenye ubongo wa mbwa wa uwanjani na nikaona shanga kwenye dendraiti, naweza kusema ni virusi? Na kwa uchunguzi wenyewe, kati ya DRIT (kipimo cha haraka cha kingamwili kinachotoa rangi badala ya mng'ao) na FAT ipi inafaa maabara ya wilaya isiyo na hadubini ya mng'ao?

Dkt_Maabara_Kanda

Swali la shanga kwanza, kwa sababu hapo ndipo watu wanajidanganya. Huwezi kusema ni virusi.

Dendraiti hutengeneza shanga ndani ya dakika chache tu zikikosa oksijeni. Mbwa aliyepigwa, aliyekufa taratibu kwa kushindwa kupumua, au ambaye mzoga wake ulilala juani kwa muda wa saa tano kabla ya kichwa kukatwa, atakuwa na shanga hata kama hana kirusi hata kimoja. MAP2 nayo hupotea haraka kwenye tishu iliyokosa damu. Ukitaka hitimisho lenye uzito, unahitaji ubongo wa kulinganisha: mbwa asiye na kichaa, aliyekufa kwa namna inayofanana, na muda kati ya kifo na fomalini uwe uleule. Bila hicho, slaidi nzuri ya Golgi inakuonyesha muda uliopita tangu kifo, si ugonjwa. Tafiti nzuri za shanga zilitumia panya waliopitishiwa dawa ya kuhifadhi tishu kupitia moyoni mara tu walipolazwa usingizi, na hilo huwezi kwa mbwa wa uwanjani.

Proteomiki ina mtego wake. Ukisaga kipande kizima cha ubongo unachanganya nyuroni, seli za glia (seli saidizi za ubongo) na damu. Protini ya sinapsi ikipungua hujui kama nyuroni zimeacha kuitengeneza, sinapsi zimeondoka, au glia zimeongezeka tu. Tumia eneo lilelile kwa kila mnyama, ligandishe haraka kwa −80 °C, weka vizuizi vya protiezi na vya fosfatezi tangu kusaga, na thibitisha mabadiliko makubwa kwa kingamwili kwenye kipande cha tishu ili uone yako kwenye seli gani.

Tukirudi kwenye miili ya Negri. Kwa wanyama wala nyama itafute kwenye seli za piramidi za hipokampasi, kwa ng'ombe na mbuzi kwenye seli za Purkinje za ubongo mdogo. Ukubwa ni kama mikromita 2 hadi 10, nyekundu kwa eosini, na ndani yake mna vidoa vya buluu iliyokolea. Vidoa hivyo ndivyo vinavyoitofautisha na miili ya uongo, ambayo paka na ng'ombe wazima wanaweza kuwa nayo. Kwa rangi ya Sellers (fuksini na buluu ya methilini) kwenye ubongo mbichi, miili ya Negri inaonekana kwa dakika chache. Lakini ubongo wenye kichaa unaweza kukosa kabisa miili ya Negri inayoonekana, na ubongo ulioanza kuoza unaipoteza. Kwa hiyo usimwambie mtu aliyeng'atwa kwamba mbwa hana kichaa kwa sababu hukuona Negri. Kwa hilo sina simile.

Kuchukua sampuli: shina la ubongo, kata nzima kutoka upande mmoja hadi wa pili, pamoja na ubongo mdogo. Kata nzima, kwa sababu virusi vinaweza kufika upande mmoja kabla ya mwingine. Bila shina la ubongo unaweza kusema chanya, lakini hasi huna haki ya kuisema. Pale ambapo hakuna msumeno wa fuvu, pitisha mrija wa plastiki wa kunywea wenye upana wa milimita 5 kwenye tundu la nyuma la fuvu kuelekea jicho, ukizungusha taratibu. Unapata shina, sehemu ya ubongo mdogo na hipokampasi kwa mkupuo mmoja.

Kwa kuhifadhi, barafu ni bora. Kama hakuna, gliserini asilimia 50 iliyochanganywa na maji ya chumvi huhifadhi protini ya N kwa muda mrefu hata kwenye joto, ila uioshe vizuri kabla ya kutengeneza slaidi, la sivyo tishu haishiki kioo na haikauki. Fomalini usiitumie kwa sampuli ya FAT, inaziba protini na utalazimika kuzifungua kwa kimeng'enya. Na kugandisha na kuyeyusha mara kwa mara kunaua sampuli kimyakimya.

DRIT ndiyo jibu lako kwa maabara ya wilaya, kwa sababu inasomwa kwa hadubini ya kawaida. Tathmini iliyochapishwa mwaka 2006 ilitumia sampuli za ubongo kutoka Tanzania, zikiwemo zilizohifadhiwa kwenye gliserini, na matokeo yaliendana na FAT. Gandamiza kioo kwenye tishu, acha kikauke dakika 5, kitumbukize kwenye fomalini asilimia 10 kwa dakika 10, suuza kwa bafa yenye Tween (aina ya sabuni). Haidrojeni peroksaidi asilimia 3, dakika 10. Kingamwili za N zilizobebeshwa biotini, dakika 10 kwenye chombo chenye unyevu. Suuza. Streptavidini yenye peroksidezi, dakika 10. Suuza. AEC (kemikali inayotoa rangi nyekundu), dakika 10. Maji safi, kisha hematoksilini iliyozimuliwa dakika 2. Protini ya virusi inakuwa vidoa vyekundu kwenye mandhari ya buluu.

Mahali panapokosewa: mtu anaruka peroksaidi, na damu iliyomo kwenye tishu inakuwa nyekundu kote kwa sababu ina peroksidezi yake. Mwingine anafunika kwa gundi ya zailini baada ya alkoholi kama alivyozoea, na rangi ya AEC inayeyuka yote, slaidi chanya inageuka hasi mbele yako. Tumia gundi ya maji tu. Na AEC ikishachanganywa haikai, itengeneze siku hiyohiyo. Kila mkupuo uwe na slaidi moja chanya na moja hasi zinazojulikana, vinginevyo usisome.

Kwa wenye hadubini ya mng'ao: asetoni ya −20 °C kwa si chini ya saa 1, kingamwili dakika 30 kwa 37 °C, funika kwa gliserini asilimia 20 yenye pH karibu 9. pH ikishuka, kijani kinafifia, na unaweza kulaumu kingamwili bure.

mfuatiliaji_afya

Samahani naingilia, mimi niko upande wa tiba ya binadamu. Kama nyuroni ziko hai, kwa nini mgonjwa akishaanza dalili chanjo na kingamwili hazimsaidii? Seli hai si ingeweza kurudi?

nyuroni_hai

Swali zuri daktari. Kwa sababu dawa haifiki. Ukuta kati ya damu na ubongo unabaki umefungwa kwa virusi vya mtaani. Aina zilizopunguzwa makali husababisha ubongo kutoa kemokini nyingi (ishara za kuita seli za kinga), ukuta unafunguka, seli B na kingamwili zinaingia na kufagia. Virusi vya mtaani, kwa kuwa vimenyamaza, haviufungui. Kingamwili zinabaki kwenye damu.

Msichana wa Wisconsin aliyepona mwaka 2004 bila chanjo, baada ya kulazwa usingizi mzito kwa ketamini na midazolamu, alifika hospitali tayari ana kingamwili kwenye damu na kwenye maji ya uti wa mgongo. Wengi wanaona kinga yake ndiyo iliyomwokoa kuliko usingizi ule. Wagonjwa wengi waliofanyiwa vivyo hivyo baadaye walikufa, na hoja kwamba nyuroni hufa kwa kusisimuliwa kupita kiasi, ambayo ndiyo iliyohalalisha ketamini, haijapata ushahidi wa kutosha.

Kwa hiyo nafasi iko kabla virusi havijaingia kwenye aksoni. Vikishaingia vinasafiri kama milimita 50 hadi 100 kwa siku. Lakini mara nyingi hukaa kwanza kwenye msuli wiki kadhaa, ndiyo maana muda wa kawaida hadi dalili ni mwezi 1 hadi 3. Vazi la nje la kirusi ni mafuta, sabuni inalivunja: osha jeraha dakika 15 kwa maji yanayotiririka. Kingamwili za binadamu vizio 20 kwa kilo, zile za farasi 40, zichomwe ndani na kuzunguka jeraha lenyewe, kwa sababu kazi yake ni kumkamata kirusi pale pale. Chanjo ya ndani ya ngozi, sehemu mbili, siku ya 0, ya 3 na ya 7. Jeraha la uso, kichwa au kiganja halina subira. Kuna neva nyingi na njia ni fupi.

Dkt_Maabara_Kanda

Niongeze moja kwa mwanafunzi kabla hajashika kisu. Asetoni haihakikishi kwamba slaidi haina virusi hai, ishike kama inayoambukiza hadi mwisho. Kufungua fuvu kwa msumeno wa umeme hurusha chembe, tumia patasi au msumeno wa mkono, miwani, kinga ya uso na glovu za kuzuia mikato chini ya zile za mpira. Meza ipanguswe kwa alkoholi asilimia 70 au klorini. Na chanjo ya kinga kabla ya kazi, siku ya 0 na ya 7, kisha upimwe kingamwili: chini ya 0.5 IU kwa mililita, ongezewa dozi kwanza, kichwa cha mbwa kisubiri kwenye friji.

mwanafunzi_patholojia

Nimeelewa. Naacha Golgi kwa sasa, naanza na DRIT na kata nzima ya shina. Je, hizo kingamwili za biotini zikishafika, nizigawe kwenye vichupa vidogo na kuzigandisha, au zikae kwenye friji ya kawaida?

Dkt_Maabara_Kanda

Fuata karatasi iliyokuja na kichupa, maana hutofautiana kwa mtengenezaji. Zilizokwisha kuzimuliwa tayari kwa matumizi kwa kawaida hukaa 2 hadi 8 °C na hazigandishwi. Andika tarehe ya kufungua kwenye kila kichupa, na slaidi yako chanya ikianza kufifia, tupa kichupa hicho.